Tisini na Nane kwa Mia

Kimani,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile Jumapili Tata Wambui, shangazi yetu, alipokuambia kwamba mimi si dada yako wa damu, nilikuwa upande wa pili wa pazia la kitanda chako, nimeshika chupa ya uji. Nilisikia kila neno.

Alidhani askari wa lango la hospitali bado amenizuia. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, mkono wake juu ya blanketi lako, na alizungumza kwa ile sauti yake ya kuombea wagonjwa. "Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Damu haidanganyi. Huyo msichana angekuwa wa ndugu yangu, mngefanana. Mama yako ndiye anajua alikomtoa."

Nilingoja ujibu. Wewe uliyekuwa hushindwi na mtu kwa maneno, uliyewahi kubishana na pasta kuhusu urefu wa safina mpaka akaomba maji ya kunywa. Nilingoja useme hata "Tata, wacha." Hukusema. Nilisikia kitanda kikilia, na nilipochungulia nikaona umegeukia ukuta.

Nilisubiri aondoke, kisha nikaingia nikakumiminia uji. Ulikunywa kidogo ukasema ni mtamu. Hatukuzungumzia jambo lile siku hiyo, wala siku chache zilizofuata, na baada ya hapo hukuwa wa kuzungumza tena.

Kwa hivyo sijui. Labda ulikuwa umechoka. Labda mbavu za upande ule zilikuwa zinauma. Au labda ulimwamini, ukaondoka ukijua kwamba hukuwa na dada. Pasta anasema uko mahali ambapo sasa unajua yote. Watu wanaitikia amina na mimi naitikia, lakini kama ningeamini kweli kwamba unajua, nisingekaa hapa kuandika. Naandika kwa sababu naogopa hujui.

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye sufuria.

Ulikuwa unasugua sufuria ya ugali na mimi nasuuza sahani. Nilikuwa nimesoma mada ya mageuko mapema, kabla Mwalimu Rotich hajaifikia, kwa sababu unajua mimi husoma kitabu cha Biolojia nikianzia nyuma. Nikakuambia kwamba binadamu na sokwe wanafanana asilimia tisini na nane na kitu, ukilinganisha herufi za jeni zao. Uliacha kusugua.

"Ati nani na nani?"

"Binadamu na sokwe."

"Wewe kama unatafuta ujomba porini, endelea, sitakuzuia. Mimi niliumbwa kwa mfano wa Mungu, na niliumbiwa hapa hapa Free Area."

Kesho yake ulirudi kutoka kibandani kwako Bondeni ukiwa umejihami. Sijui uliuliza nani huko kati ya wauza viatu vya mitumba. Uliingia mlangoni na mkungu mdogo wa ndizi ukauweka mezani mbele yangu kama wakili anayeweka ushahidi. "Nimeambiwa hata ndizi tunafanana nayo karibu nusu," ulisema. "Kwa hivyo hii usile. Hii ni binamu yako." Kisha ukala tatu, mfululizo, ukiziomba msamaha moja baada ya nyingine. Mama alicheka mpaka akaketi. Huo ndio wakati ulianza kuniita Daktari wa Nyani.

Na ile siku vijana wa kanisa walienda mbugani, tukasimama pale juu panapoonyesha ziwa lote, na nyani mkubwa akaja kimyakimya akakunyang'anya chapati mkononi. Uliruka ukapiga kelele kama mtoto. Nikakuambia, "Mwachie, ni jamaa yako." Nilikuwa nimengoja miezi kupata nafasi kama hiyo, na ilikuwa mbele ya watu, mimi ambaye siongei mbele ya watu. Ulinitazama, bado unahema, ukasema, "Huyu ni nyani. Wewe siku zote umesema sokwe. Soma vizuri, Daktari." Wote wakacheka, na ulikuwa sahihi. Nyani na sokwe si kitu kimoja. Nilifurahi usiku mzima kwamba ulikuwa umenisikiliza kwa makini kiasi hicho.

Halafu ukapata ile video. Mtu fulani kwenye simu akisema kwamba wanasayansi walitudanganya, kwamba sokwe walipohesabiwa upya ilipatikana themanini na kitu tu, na kwamba mageuko yote yameanguka. Ulinitumia nikiwa darasani na kichwa cha habari kimoja: "Kwisha wewe." Nilienda kwa Mwalimu Rotich saa ya chakula cha mchana. Alinieleza vizuri, na nilikueleza jioni hiyo, lakini nataka kurudia, kwa sababu yote yaliyotupata baadaye yalipita kwenye tundu hilo.

Chukua vitabu viwili vikubwa vilivyonakiliwa kutoka kitabu kimoja cha zamani. Ukiweka kurasa zinazolingana sambamba na kuhesabu herufi zilizobadilika, utapata karibu moja tu kwa kila mia. Hapo ndipo tisini na nane inatoka. Lakini kuna kurasa ambazo ziko katika kitabu kimoja na hazipo katika kingine, na kuna aya zilizorudiwa rudiwa katika kimoja lakini katika kingine hazikurudiwa. Ukihesabu na hizo, nambari inashuka sana. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amehesabu kitu chake.

"Kwa hivyo nimeshinda," ulisema.

"Hapana."

"Basi umeshinda wewe."

"Hapana."

"Sasa hii mjadala yote ilikuwa ya nini?" Ukazima taa ukaenda kulala.

Ningetaka hadithi yetu iishie kwenye ubishi huo. Tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Madoa ya zambarau yalianzia kwenye miguu. Ulidhani umejigonga kwenye meza ya kibanda. Kisha pua ikatoa damu ukiwa na mteja, ikadondoka kwenye kiatu cheupe, na bado ukamuuzia kiatu kile. Ulitusimulia kama kichekesho. Halafu hukuweza kupanda ngazi za kanisa bila kusimama. Nakuru wakakupima, wakakupeleka Nairobi, na huko daktari akatueleza kwamba uboho wako, ule ulio ndani ya mifupa na unaotengeneza damu, ulikuwa umekauka. Ungewekewa damu ya watu, ungepewa dawa, lakini dawa ya kweli ingekuwa uboho wa mtu mwingine ambaye mwili wako ungempokea. Na mtu wa kwanza kutafutwa ni ndugu wa tumbo moja.

Wewe ulikuwa na mmoja. Mimi.

Siku walipotoa damu yangu nilikuwa na furaha, Kimani. Naona haya kuandika neno hilo lakini ndilo. Maisha yangu yote nimekuwa msichana wa kona, yule mwalimu anamsahau akihesabu darasa, na sasa kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho mimi peke yangu ningeweza kutoa. Nilirudi wodini na pamba mkononi nikakuambia, "Kama sokwe ni tisini na nane, mimi na wewe tutakosaje?"

Ulicheka. Fizi zako zilikuwa na damu na ulicheka hata hivyo. Ukasema, "Leo nimemkubali sokwe wako. Leo nimekubali yote."

Hiyo ndiyo mara ya pekee uliyonikubalia, na ulinikubalia mahali ambapo nilikuwa nimekosea.

Kwa sababu mwili hauulizi kama mnafanana tisini na nane au tisini na tisa kwa mia. Unauliza kuhusu mahali padogo sana, alama chache ambazo damu hutumia kujua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mahali pengine pote tunaweza kuwa sawa na bado pale tukakosana. Nilikuwa na kitabu. Ningeweza kusoma ukurasa mmoja zaidi kabla ya kufungua mdomo. Nilikupa nambari badala ya jibu, na ulilala vizuri wiki nzima ukiegemea nambari hiyo.

Majibu yalipokuja daktari aliyasema kwa Kiingereza na kwa haraka, tukiwa tumesimama kwenye korido. Alisema hatukulingana. Alisema pia kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwamba ndugu hulingana mara moja tu kati ya nne, lakini wakati huo Baba alikuwa tayari ameacha kusikiliza. Tata Wambui alikuwa amesimama kando yake. Unajua Tata husikiliza ile redio ya asubuhi, kipindi ambacho watu wanafumaniana, ambapo mwanamume anapeleka mtoto kupimwa na kugundua amelea wa jirani. Kwake, damu ya watu wawili ikienda maabara huenda kujibu swali hilo moja tu. Mimi na wewe tulikuwa tumepimwa, tukakosa. Hakuhitaji kusikia zaidi. Na kwa kuwa wewe una sura ya Baba, paji na kimo na kila kitu, ilikuwa rahisi kuamua ni nani kati yetu amezidi.

Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imetutangulia. Ilikuwa kule Bahati, shambani kwa babu yetu Guka, ilikuwa kanisani, ilikuwa kwa mama wa mboga. Watu walimwangalia Mama, kisha wakaniangalia mimi, kisha wakasema pole kwa ugonjwa.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilijua. Usiku uleule nilikuwa nimesoma na nikajua. Lakini fikiria jinsi ningesema. Ningesimama mbele ya Baba na wazee wa ukoo, msichana wa shule, nizungumze kuhusu kile ambacho Baba alimpa Mama na Mama akampa Baba hadi mtoto akapatikana. Nyumbani kwetu hata tangazo la pedi za wanawake likija kwenye televisheni mimi huenda jikoni. Nilijaribu mara moja. Nilimfuata Baba hadi mlango wa bafu nikasema, "Baba, kuhusu ile damu," akasema, "Wacha hayo, Njeri," kwa upole, bila kugeuka. Na mimi nikayaacha. Nilihisi nafuu kuyaacha.

Nitakuambia na hili pia. Nikiwa na kitabu mkononi, nikijua ninayoyajua, nilienda mbele ya kioo. Nilitafuta Baba usoni mwangu. Nilipima vidole, nikaangalia ndewe za masikio, nikatabasamu ili nione kama meno yanakaa kama yake. Nilirudi kitandani nikiwa nimechukia kila mtu, na zaidi mimi mwenyewe. Kama mimi nilitikisika, wewe uliyekuwa na homa ungeshikilia nini?

Homa ndiyo ilikuchukua. Damu yako haikuwa na askari wa kuizuia. Hayo unayajua.

Tulikuzika Bahati, nyuma ya nyumba ya Guka, upande wa mibuni michanga. Watu walikuwa wengi mpaka viti vikaisha. Wale wa Bondeni walifunga vibanda vyao vyote. Ulipendwa, Kimani. Kisha ukafika wakati wa mashada, na yule mshereheshaji akaanza kuita makundi: wazazi, kisha ndugu na dada wa marehemu. Niliinuka. Nilikuwa nimeshika shada langu la waridi jeupe tangu asubuhi na miiba ilikuwa imenichoma. Tata Wambui alinishika kifundo cha mkono. "Wewe ngoja kidogo," akaninong'oneza, "utaenda na wenzako wa shule." Akawasukuma wanawe watatu mbele. Wakaenda wao, wakapigwa picha wakiinama.

Baba aliona. Nilimwona akiona. Mama alikuwa amemshika mkono, na aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Baba, taratibu, kama mtu anayetoa kitambaa kwenye mwiba, na hajaurudisha hadi leo.

Niliweka shada langu na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Brayo wa nyumba ya tatu alikuwa kushoto kwangu. Tuliitwa marafiki wa familia.

Nyumbani kumebadilika. Baba anakaa Bahati. Anasema viazi vinahitaji mtu, na kweli vinahitaji, lakini havijawahi kumhitaji usiku. Akija mjini hupita kuacha unga na maziwa, hunywa chai akiwa amesimama, na huniuliza masomo yakoje akiangalia kalenda. Mama haimbi tena. Unakumbuka alivyokuwa akiimba sauti ya pili peke yake akifua, bila sauti ya kwanza, tukimwambia ni kama redio iliyokatika nusu? Sasa nyumba ina sauti ya friji tu. Kibanda chako amekichukua yule rafiki yako wa viatu vya watoto. Ameniambia nikitaka viatu nichukue. Sijaenda.

Tata anataka nipelekwe kupimwa, mimi na Baba. Anasema ni kwa ajili ya amani ya familia, kabla Guka hajagawa shamba. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Mama alisema mara moja tu, na alisema mbele ya Tata akiwa anamenya viazi: "Sitapeleka mtoto wangu kupimwa kama maziwa ya kiwandani, ati aonekane ameongezwa maji." Tata akamwambia, "Asiye na cha kuficha haogopi." Mama aliendelea kumenya. Lakini ameniambia kwamba muhula ukiisha tutaenda kwa Cucu wa Molo, mama yake, yeye na mimi, na nilipomuuliza ni kwa muda gani akasema nifungashe vitabu vyangu vyote.

Nimejaribu kumweleza kwamba kipimo kingenitoa mashakani. "Wewe una mashaka?" akaniuliza. Sikumuuliza tena.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Wiki hii darasa limefika mada ya mageuko. Mwalimu Rotich aliandika hoja ubaoni, kwamba kufanana kwa jeni ni ushahidi kwamba binadamu na sokwe wana asili moja, akatugawa kwa safu za madawati. Safu yangu ikapata kuunga mkono. Nilijua kila kitu na sikuwa nimepanga kusema chochote.

Ungependa kuwapo. Walibishana kama wewe. Mmoja akasema kama sokwe ni ndugu yake basi mbona hakuonekana kwenye harambee ya karo. Mwingine akaleta ile hoja ya ndizi, na nikalazimika kuangalia chini. Kisha wenzangu wakanisukuma, "Njeri sema, Njeri ndiye anajua," nikasimama nikasema kwa sauti ndogo kwamba inategemea umehesabu nini. Na Brayo, ambaye hana ubaya, ambaye hufungua mdomo kabla ya kichwa, akaropoka: "Sasa Njeri, wewe na bro yako mlipimwa na hamkufanana. Halafu unatuambia tunafanana na sokwe?"

Wachache walicheka, halafu wakasikia walichokuwa wanakicheka. Mwalimu akasema, "Brian, keti." Kila mtu alikuwa anangoja nilie.

Nilienda ubaoni. Sijui miguu ilinipelekaje. Nilichora Baba na Mama, vijiti viwili, bila aibu, Kimani, nilichora baba yetu na mama yetu mbele ya wavulana. Baba ana pakiti mbili za zile alama, moja nyekundu na moja ya bluu, kwa sababu moja alipewa na Guka na moja na Cucu. Mama naye ana mbili, ya kijani na ya njano. Kila mtoto hupewa pakiti moja ya Baba na moja ya Mama, na hakuna anayechagua. Kimani alipewa nyekundu na kijani. Njeri alipewa bluu na njano. Wametoka kwa watu wawili walewale, nyumba moja, kitanda kimoja, na mahali hapo hawana hata rangi moja ya kushirikiana. Si kwamba mmoja wao ameibwa. Ni kwamba baba yao alikuwa na mbili na mama yao alikuwa na mbili. Kungekuwa na watoto wengine wawili au watatu nyumbani, labda mmoja angelingana nawe. Hawakuwapo. Nilikuwapo mimi.

Nilizungumza mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeondoka. Mwalimu Rotich alinipa tu chaki nyingine ile ya kwanza ilipokatika. Brayo alinifuata nje akasema, "Pole, Njeri. Venye watu wanasema, nilidhani ni ukweli." Nikamwambia ni sawa. Kisha nikaenda nyuma ya vyoo vya wasichana nikalia mpaka nikatapika, kwa sababu nilikuwa nimewaambia darasa zima yale ambayo sikukuambia wewe. Ilikuwa imechukua muda mfupi tu. Ungeelewa kabla sijamaliza kuchora. Ungesema, "Kwa hivyo Tata ameshindwa," nami ningesema ndiyo, safari hii ndiyo, kabisa.

Nilikuwa na uji mkononi na maneno haya yote kichwani, na kati yetu kulikuwa na pazia la kitambaa.

Hilo haliponi. Watu wananiambia muda utaponya. Muda unanionyesha tu ukuta ule uliougeukia, rangi yake ya krimu, na mahali ilipobanduka. Kuhusu sokwe, bado naamini tulitoka mbali pamoja nao, na najua bado ungekataa. Sitaki kushinda. Ningekuachia ushindi wote, ningesema niliumbwa Free Area, kama ungegeuka kidogo upande wangu.

Siwezi kukuomba unisamehe kwa sababu hujibu. Naweza kukuahidi kitu kimoja. Jumamosi nitaenda Bahati nimwambie Baba, hata kama ataniambia niwache. Sitaacha. Si kwa ajili ya kipimo wala kwa ajili ya shamba. Mama hawezi kuondoka nyumbani kwake kwa sababu ya jambo ambalo mimi nilijua nikanyamaza.

Lala, Kimani. Nilikuwa dada yako kabla ya kupimwa, na siku ile ya pazia, na kwenye mashada. Ubaki na hilo, kama huko kuna kubaki na kitu.

Njeri

*

Ni Jumamosi jioni na nimefungua karatasi tena kwa sababu nilienda.

Baba alikuwa anachimba viazi vya upande wa chini. Alishangaa kuniona akauliza kama Mama ni mgonjwa. Nikasema hapana. Nikasema nimekuja kuzungumza kuhusu damu, na akasema, "Njeri," kwa ile sauti, nami nikaendelea kuzungumza juu ya sauti yake. Sikumwangalia. Niliangalia gunia. Nilimweleza yote, yake mbili, ya Mama mbili, yako na yangu. Nilimwambia daktari alisema vilevile pale koridoni na hakuna aliyemsikiliza. Nilimwambia Mama anafungasha vitu. Alichimba wakati wote niliokuwa nikisema, shina baada ya shina, na sikujua kama ananisikia.

Nilipomaliza akasimamisha jembe.

"Kimani alikuwa anajua haya?" akauliza.

Nikasema, "Sijui, Baba. Sikumwambia."

Aliketi palepale kwenye tuta, akavua kofia akajifunika uso nayo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya kukuzika. Sikujua mtoto hufanya nini baba yake akilia. Nilichukua ndoo nikaokota viazi alivyokuwa amechimba, nikajaza gunia, nikatafuta sindano na uzi wa katani, nikalishona mdomo.